Nani Alikaza Zaidi? Rekodi za Kafyu, Tukizitazama Kutoka Nyalenda

Wakati wa korona, kwa kufunga shule, bingwa wa dunia ni jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yalifunguliwa katikati, watoto wengi hawakurejea hadi Januari 10, 2022. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuwafungia watu wote majumbani. Waliokiuka kafyu walilazimishwa kukesha viwanjani wakihubiriwa habari za virusi. Kwa ulegevu, kombe ni la Tanzania ya Rais Magufuli: hesabu ya wagonjwa ilikomea 509 mwishoni mwa Aprili 2020, kisha kimya kirefu. Mrithi wake, Rais Samia, alichanjwa hadharani Julai 28, 2021.

Duniani hutajwa sana Melbourne, siku 262 za kufungiwa ndani. Sawa, lakini serikali yao iliwalipa waliokosa kazi. Mwuza mgongo wazi (mifupa ya samaki) wa mtaa wetu wa Nyalenda, Kisumu, ambaye wateja wake hutoka kazini jioni, alipewa nini kafyu ya saa moja jioni ilipoanza Kenya Machi 27, 2020? Badala yake, faini ya kutovaa barakoa iliwekwa hadi shilingi 20,000. Ndiyo maana siamini orodha zinazopima ukali kwa kusoma amri peke yake. Hazihesabu rungu. Kule Likoni, Mombasa, siku hiyohiyo ya kwanza, abiria wa feri walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja haijafika. Kufikia mapema Juni, IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi, ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na polisi. Na Nyalenda haikuhitaji kufundishwa maana ya rungu mlangoni: Agosti 2017, mtoto wa miezi 6 alipigwa humu humu polisi walipovamia nyumba usiku, akafa siku chache baadaye.

Rekodi yetu wenyewe ilikuja Juni 18, 2021. Kaunti 13, yaani za Magharibi na Nyanza pamoja na Kericho, Bomet na Trans Nzoia, zilirudishiwa kafyu ya saa moja jioni, huku Nairobi ikitembea hadi saa nne. Kirusi cha Delta kilikuwa kimeenea kwetu, hilo halina ubishi. Ila wiki mbili na ushei kabla, Madaraka Dei iliadhimishwa Mamboleo, hapa Kisumu, viongozi na misafara yao wakifurika mjini. Hapo sijui tumpe nani medali.

Kifungu cha amri hiyo kilichouma kuliko kafyu kilihusu mazishi: kila maiti azikwe ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50, hata kama marehemu hakufa kwa korona. Mjaluo humrudisha marehemu kwao, na jamaa walio Mombasa au ng'ambo husubiriwa wafike. Saa 72 hazitoshi hata kuchangisha nauli na pesa za jeneza.