MAJI YA MVUA: MFEREJI UWE MKUBWA KIASI GANI?

Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Kwa hiyo mifereji ichimbwe kwa hesabu, hata kama hatuna kumbukumbu za mvua za miaka mingi.

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hekta 1 ikipata milimita 20, ni lita 200,000. Udongo wa volkano hunywa maji; mabati, maturubai na njia zilizokanyagwa havinywi. Nusu ya maji hayo ikitiririka kwa saa moja, mfereji upitishe lita 28 hivi kila sekunde. Yakipita kwa nusu saa tu, ni lita 56.

Viongozi wa mitaa wanaombwa:
- Kuweka mkebe wenye pande zilizonyooka mahali pa wazi.
- Mvua ikikatika, kupima maji kwa rula, na kuandika ilidumu muda gani.
- Kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2023, na kuweka alama hapo.

Taka zisitupwe mferejini. Mfereji ulioziba ni sawa na hakuna mfereji.