Ngoma za kitemi

Ngoma za kitemi ni ngoma za sherehe zilizokuwa alama ya mamlaka ya mtemi (chifu) kwa Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma, nchini Tanzania. Zilichongwa kwa gogo la mti na kuwambwa ngozi.

Tofauti na ngoma za kuchezea, zilikuwa mali ya utemi, si ya mtu. Zilipigwa hasa mtemi alipotawazwa. Urambo, magharibi mwa Tabora, ulikuwa makao ya mtemi Mirambo (alifariki 1884), aliyepigania njia ya misafara.

Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, ngoma hizo zilipoteza kazi yake. Baadhi ya zile za Wasukuma zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza.