Ndugu ya mtoto SS, usiseme tu "niko muzima"

Kila tarehe 19 Juni dunia inakumbuka wagonjwa wa drepanositozi, ule ugonjwa ambao hapa kwetu watu wanauita SS. Wengi wetu tunajua familia moja ao mbili zenye mtoto wa namna hiyo: mifupa inauma, macho yanakuwa manjano, damu inapunguka, mama analala naye ku lopitali. Lakini leo tunataka kusema juu ya kaka na dada zake wazima.

Kijana mmoja wa Lubumbashi, anayejitayarisha kwa ndoa, alituambia: "Miye niko muzima, sikulalaka hata siku moja ku lopitali. Ile ugonjwa ni ya mudogo wangu." Mchumba wake alimwomba wapime damu wote wawili, yeye akaona ni kupoteza makuta.

Tufanye hesabu pamoja naye. Baba yake ni AS, mama yake ni AS. Kila mzazi anamupatia mtoto herufi moja. Tukichukua watoto 400 wa wazazi wa namna hii, kwa wastani 100 watakuwa AA, 200 AS na 100 SS. Wenye kubeba S ni 300. Wasio wagonjwa ni 300 vilevile. Makundi haya mawili yanaingiliana: wale 200 wa AS wako ndani ya yote mawili.

Kijana anajibu: "Basi kwangu ni nusu kwa nusu, 200 ku 400." Hapana. Yeye tunajua tayari kwamba si SS. Wale 100 wagonjwa tuwatoe, sababu hawezi kuwa mmoja wao. Wanabaki 300, na kati yao 200 wanabeba S. Ni mbili juu ya tatu! Ukiisha kujua jambo moja, usigawanye tena kwa watu wote. Gawanya kwa wale waliobaki.

Mchumba akiwa AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Akiwa AS, tunazidisha 2/3 kwa 1/4: ni 1/6 kwa kila mimba. Na kijana mwenyewe akipimwa na kuonekana AS, hatari inapanda mpaka 1/4.

Wazazi nao wasidanganyike na hiyo robo. Wengine wanasema: "Tumeisha kupata mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Damu haihesabu waliozaliwa. Kila mimba inaanza upya, na robo yake.

Hesabu inatuonyesha hatari, haitupatii jibu. Jibu linatoka ku laboratwari, kwa kipimo cha elektroforezi ya hemoglobini. Hatusemi vijana wasioane. Tunasema wapime mapema, mbele ya kutoa mahari, ili waamue wakijua.