Sura ya Sita: Msichana Asiyesumbua Darasa

Mara nyingi mtoto hutambuliwa kuwa na usonji baada ya kumchosha mtu. Mwalimu amechoka kumrudisha kitini, au mzazi ameshindwa kumtuliza kanisani. Hapo ndipo anapelekwa kutathminiwa kwenye vituo vya tathmini ya elimu viitwavyo EARC, ambavyo serikali ya Kenya ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, au katika KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya iliyo pale Kasarani, kando ya barabara ya Thika. Mlango upo, ila hufunguliwa na kelele, na wasichana wengi wenye usonji hawapigi kelele.

Kasoro hii ni ya tangu mwanzo. Mwaka 1943, Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 huko Marekani: wavulana 8, wasichana 3. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna alieleza kwa kina habari za wavulana wanne, akaandika kwamba hajamwona msichana mwenye hali hiyo kwa ukamilifu wake. Dalili zilizoingia vitabuni zikawa za wavulana. Ni kama fundi aliyekata kielelezo cha shati kwa mwili wa mvulana, kisha akashangaa kwamba wasichana hawalijazi.

Tuseme kuna msichana wa Gredi ya 6 anayesoma Ruiru na kuishi Makongeni, Thika. Tumwite Wambui. Wakati wa mapumziko hakai peke yake. Husimama nyuma kidogo ya wenzake na kucheka baada ya wao kuanza kucheka. Majibu ya salamu ameyakariri. Sweta ya shule inamwasha shingoni kutwa nzima, lakini haivui kwa kuwa hakuna mwingine aliyevua. Kwenye matatu ya jioni muziki unatikisa viti, naye hazibi masikio kwa sababu siku moja alichekwa. Akifika nyumbani anaitupa sweta mlangoni, na sukuma wiki ikigusa ugali kwenye sahani analia hadi usingizi umchukue.

Mama yake akienda shuleni kueleza, mwalimu anamjibu: “Mama Wambui, huyu hana shida yoyote. Natamani wote wangekuwa kama yeye.”

Mwalimu hadanganyi, wala mama hatii chumvi. Kila mmoja ameona nusu ya siku ya mtoto yule yule.

Hiyo nusu iliyofichwa tumeijua zaidi kupitia wanawake walioandika maisha yao wenyewe. Donna Williams wa Australia, katika kitabu chake cha 1992, alisimulia jinsi alivyokutana utotoni na msichana mchangamfu bustanini, aliyeitwa Carol. Baadaye Donna akajigeuza Carol: akatabasamu kama yeye, akaongea kama yeye, na watu wakampenda huyo Carol. Mwaka 1999 Mmarekani Liane Holliday Willey naye alitoa kitabu kuhusu maisha ya kujifanya wa kawaida. Yeye alijitambua baada ya binti yake kutambuliwa.

Watafiti walifuata nyuma. Mwaka 2017 timu moja ya Uingereza ilikusanya tafiti nyingi za awali na kuzilinganisha. Pale ambapo watoto wa jamii nzima walichunguzwa, badala ya kuhesabu waliokwisha kutambuliwa tu, uwiano uliosemwa kwa miaka mingi kuwa wavulana wanne kwa msichana mmoja ulishuka hadi karibu watatu kwa mmoja. Maana yake, kuna wasichana ambao hawajahesabiwa. Mwaka 2019 likachapishwa dodoso la maswali 25 la kupima jinsi mtu anavyoficha usonji wake. Tafiti za namna hii zimehusisha kuficha huko na wasiwasi, sonona, na hata mawazo ya kujiua.

Kwetu, malezi nayo yanasaidia kuficha. Msichana mkimya husifiwa kuwa ana adabu. Akimpenda mwanamuziki fulani, hakuna anayeshtuka, kwa kuwa wenzake wanampenda pia. Tofauti ni kwamba yeye anajua tarehe ya kila wimbo, na akizuiwa kuuzungumzia, hana mazungumzo mengine.

Kwa hiyo mwalimu asiulize tu mtoto anamsumbua nani. Aulize mtoto anatumia nguvu kiasi gani ili asimsumbue mtu. Je, hucheza, au huwaiga wanaocheza? Ratiba ikibadilika ghafla, tumbo humuuma? Nyumbani huwaje saa moja baada ya shule? Majibu ya mama yaandikwe kwenye barua ya rufaa pamoja na ya mwalimu. Na kabla tathmini haijafanyika, mtoto anaweza kuruhusiwa kuvua sweta na kukaa mbali na dirisha la barabarani.

Haya yafanywe mapema, angali shule ya kutwa. Wambui wa leo ana nyumba ya kurudi akalie. Akiingia shule ya bweni, atalala katikati ya wale wale anaojificha kwao, na mama, shahidi pekee wa ile nusu nyingine, hatakuwepo kuiona.