Je, Wajua? Waya wa Kuungia Huongeza Joto Lisilokuwapo
Je, wajua kwamba kipimajoto cha platini, kitiwacho ndani ya tanuri la nyumbani, hutambua joto kwa ukinzani wa umeme, ambao aghalabu huwa omu 100 katika nyuzi 0 za Selsiasi na omu 138.5 katika nyuzi 100? Basi fundi akiunga nyaya mbili ili kifike mahali pake, nazo zikawa na ukinzani wa omu 0.385 kwa jumla, mita itaonyesha takriban nyuzi 1 zaidi ya hakika, hata uungaji uwe wa ustadi namna gani. Dawa yake, nayo ni ya busara kwelikweli, ni waya wa tatu uliolingana na wenziwe, ambao kwao mita iliyoundwa kuupokea hupata ukinzani wa nyaya na kuutoa katika hesabu. Ama ncha ya kipimajoto chenyewe, ikikataa kuingia katika tundu la tanuri, usiikate: panua tundu.