Je, kula usiku kunawanenepesha vijana?

Saa nne usiku wazee wameshalala, lakini jikoni mfuniko wa sufuria unasikika. Ni kijana wa kidato cha pili anamalizia wali uliobaki, simu ikiwa mkononi. Wazazi wengi huamini chakula cha saa hizo hakisagiki, kinageuka mafuta moja kwa moja. Ukweli ni upi?

Ugali hauongezeki nguvu kwa sababu jua limezama. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4 na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, iwe mchana au usiku. Mtu hunenepa anapokula kupita mahitaji ya mwili wake, siku baada ya siku.

Hata hivyo, muda nao una mchango. Mwili una saa yake ya ndani, na jioni hushughulikia sukari kwa shida kuliko asubuhi. Mwaka 2022, watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's huko Boston, Marekani, walieleza walichokiona kwa watu wazima 16 wenye uzito mkubwa. Walipokula chakula kilekile kwa kuchelewa muda wa saa 4, njaa yao iliongezeka na miili ikatumia kalori chache zaidi. Hao walikuwa wachache na hawakuwa vijana, kwa hiyo hilo si neno la mwisho.

Kwa nini vijana hasa?

Wakati wa balehe usingizi huchelewa kuja. Hilo ni umbile, si ukaidi. Lakini kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akikaa na simu hadi saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, amelala saa 5 tu. Usingizi ukipungua, hamu ya kula huongezeka, hasa vitu vitamu na vya kukaanga.

Mara nyingi tatizo huanza asubuhi. Mwanafunzi anatoka nyumbani bila kula, anatembea mwendo mrefu, mchana anapata andazi na soda. Chupa ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na vijiko 8 vya chai vya sukari. Akirudi jioni ana njaa ya siku nzima, na anailipa yote usiku.

Mzazi afanye nini?

Usimlaze na njaa. Kijana bado anakua, na kumnyima chakula kunaweza kumdhuru kuliko huo unene. Wala usimtanie kwa mwili wake.

Mpatie kitu asubuhi, hata uji au kiazi na chai. Afungashe chakula cha mchana ikiwezekana. Kipikeni cha jioni mapema, saa moja au saa mbili, chenye maharage na mboga za kutosha. Akisikia njaa baadaye, ndizi au maziwa yanatosha. Simu ilale sebuleni.

Ukiona anaongezeka uzito haraka, mpeleke kituo cha afya. Huko hulinganisha uzito, urefu na umri wake. Jicho la jirani si mizani.