LENZI YA MBALI KWA KAMERA YA TAWI



Matawi kadhaa yametuuliza ni lenzi gani inafaa kununuliwa kwa kamera ya chama. Pesa hizo ni michango ya wanachama, na hakuna katibu anayependa kuulizwa mkutanoni zimekwenda wapi. Kwa hiyo tumeonelea tueleze tuliyojifunza, na pale tulipokosea pia.

Kwanza sababu yenyewe. Katika shamba moja la chai upande wa Toro, wenzetu wanaopiga dawa ya magugu walikuwa wakifanya kazi bila glavu. Tulipopeleka malalamiko tukajibiwa kwamba vifaa vyote vimekwisha kugawanywa. Tukasimama barabara kuu, umbali wa mita 40 hivi, tukapiga picha kwa kamera yetu ya zamani, Zenit-E, na lenzi yake ya kawaida ya milimita 58. Picha ilipowekwa mezani, meneja aliitazama akasema, "Mbona wamevaa glavu?" Hakuna aliyeweza kumbishia. Tulijaribu na simu vilevile, lakini ukivuta picha mkono unageuka doa.

Hesabu ni hii. Kiganja chenye upana wa sentimita 10, kikiwa mita 40 mbele ya lenzi ya milimita 58, kwenye filamu kinachukua sehemu ya saba ya milimita moja. Lenzi ya milimita 135 inakifanya theluthi moja ya milimita. Hapo ndipo vidole vinapoanza kuonekana.

Basi mtu atasema, kwa nini tusinunue ya 300 mara moja? Lenzi ya 300 ya aina hiyo ya zamani ni nzito, nayo inakuza hata mtetemeko wa mikono yako. Kanuni ya wapiga picha ni kwamba ukishika kamera kwa mikono, shata iende kasi isiyopungua namba ya lenzi: kwa 135 tumia 1/250 ya sekunde, kwa 300 tumia 1/500. Na 1/500 ndiyo kasi ya mwisho ya Zenit-E. Asubuhi ya ukungu huna pa kukimbilia. Lenzi za kuvuta, zile za 80 mpaka 200 za miaka ya 1970, nyingi za bei rahisi hutoa picha laini isiyo na ncha, hasa kitundu cha mwanga kikiwa wazi. Kipande cha kuzidisha mara mbili nacho hupunguza mwanga hatua mbili nzima na kukuza kila kasoro ya lenzi. Hatukipendi.

Ushauri wetu ni 135 isiyovuta, yenye kitundu cha 3.5. Kitundu cha 2.8 kinapitisha mwanga zaidi kidogo, lakini mara nyingi bei inapanda na uzito pia. Kwa Zenit tumeridhika na Jupiter-37A ya Kirusi. Ina pete mbili za kitundu: unakifungua ili uone vizuri unapolenga, kisha unakifunga kabla ya kupiga. Wengine huona ni usumbufu, lakini Zenit-E yenyewe haifungi kitundu kwa niaba yako, kwa hiyo hupotezi kitu. Takumar ya Kijapani na Sonnar ya Jena ni nzuri pia, ila kwa kawaida huuzwa ghali zaidi.

Sasa kosa letu. Mara ya kwanza tulimwamini muuzaji mmoja mjini aliyetuuzia Jupiter-11 pamoja na pete ya kuunganishia. Ilikaa kwenye kamera vizuri kabisa. Tulipofika shambani, mlima haukulengeka, mti haukulengeka, kitu pekee kilichoonekana sawasawa ni chungu aliyekuwa karibu na pua ya lenzi. Kumbe lenzi hiyo ilitengenezwa kwa kamera za aina nyingine, zisizo na kioo ndani, skrubu yake ni milimita 39, na inatakiwa ikae karibu zaidi na filamu. Zenit-E nyingi zina skrubu ya milimita 42, sawa na Praktica na Pentax za kabla ya 1975. Jupiter-11 yenye herufi A ilitengenezwa kwa kamera za kioo, lakini nayo ipime skrubu yake. Pesa ile hatukurudishiwa, na tuliisomea kwenye mkutano mkuu tukiwa tumeinamisha vichwa.

Kwa hiyo nenda dukani na kamera yako. Funga lenzi, toka nje, lenga mnara au paa la mbali. Kama halilengeki, rudisha hapohapo. Kisha ielekeze lenzi kwenye taa na uchungulie ndani. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Kwetu kwenye mvua nyingi kuvu hula vioo, na lenzi hiyo usiichukue hata ukipunguziwa. Vumbi kidogo si neno. Zungusha pete zote, zisikwame wala zisilegee. Nyumbani usiifungie kwenye mfuko wa ngozi, iweke mahali pakavu penye hewa.

Wakati wa kupiga, funga kitundu mpaka 8, kwani lenzi hizi hutoa picha kali zaidi hapo kuliko kikiwa wazi. Kwa filamu ya 400, siku ya mawingu, 8 kwa 1/500 inatosha. Egemea nguzo, au weka kamera juu ya mfuko wa mchanga, vuta pumzi, toa nusu, bonyeza polepole.

Na jambo hili tunalishikilia: tunapiga mikono, bomba la mgongoni na kibandiko cha dawa. Nyuso hatuzipigi bila mwenyewe kukubali. Mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya picha yetu.

Mara ya pili tulisimama palepale barabarani. Safari hii kucha zilionekana. Meneja aliishika picha kwa muda mrefu, kisha akauliza tuna nakala ngapi. Glavu zililetwa baada ya wiki tatu. Gambuti bado tunazidai.

Lenzi iko ofisini kwetu. Tawi linalotaka kuiazima lilete barua yenye muhuri, na filamu yake.